Kipupwe cha Pili Joubert Park

Ukurasa wa shukrani katika tasnifu ya mdogo wangu wa kike ni mmoja tu, na nusu yake ni nafasi tupu. Amemshukuru Mungu, wazazi wetu, msimamizi wake, mafundi wa maabara, na mimi. Halafu ipo sentensi moja: anawashukuru wakazi wa jengo alimofanyia utafiti. Imeishia hapo. Kanuni za utafiti hazimruhusu kuwataja kwa majina, na hata zingemruhusu, wengi wao hawapendi majina yao yaandikwe mahali popote penye mhuri.

Niliposoma sentensi ile nilimwambia, "Umeshukuru kama mtu anayetia saini kupokea kifurushi."

Akacheka. "Basi andika wewe, kaka. Wewe chuo hakijakuwekea kikomo cha kurasa."

Ndiyo naandika. Majina sitayataja na mimi, lakini watu nitawaeleza, na wenyewe wakisoma watajijua.

Shule niliiacha kidato cha pili, kule Tanga. Hakuna aliyenifukuza; sikuweza kukaa. Kila lori lililopita barabara ya shule nilitaka kujua linakwenda wapi, na siku moja nikapanda mojawapo ili nijue. Lilikuwa linakwenda Tunduma. Baada ya Tunduma kukawa na Lusaka, baada ya Lusaka Harare, na mwisho nikajikuta Johannesburg, mji ambao nilidhani ningeupita kama nilivyoipita mingine. Nimekuwa utingo, mlinzi, mchukuzi wa mizigo, msaidizi wa fundi wa friji. Kila kazi niliipenda hadi siku nilipoielewa, kisha nikaiacha. Kusoma sikuacha. Nimesoma vikaratasi vya dawa, vitabu vya maelekezo ya mashine za kufulia, na magazeti yaliyofungiwa chipsi, nikakasirika kwamba ukurasa unaofuata umefungiwa chipsi za mtu mwingine.

Mdogo wangu yeye alikaa. Alikaa darasani hadi walimu wakachoka kumfundisha, wakampa kazi ya kufundisha. Alipokuja Johannesburg kusomea shahada ya uzamivu ya uhandisi, alinikuta mtaa wa Jeppestown, katika chumba nilichopanga nyuma ya karakana. Nilimpokea, nikamwambia nitamwonyesha njia za mji, kisha nitaondoka zangu kwenda Walvis Bay, ambako dereva mmoja rafiki yangu alikuwa amenitafutia kazi bandarini. Sikuwahi kuiona Walvis Bay. Hiyo ilinitosha kuwa sababu.

Siku za mwanzo nilimuuliza anasomea nini hasa. Akasema, "Baridi." Nikadhani ananitania.

Hakuwa akitania. Majengo ya ghorofa ya katikati ya mji huu yalijengwa zamani, na siku hizi kila fleti imegawanywa kwa mbao na mapazia, familia nne mahali palipokusudiwa familia moja. Kipupwe kikifika, chumba kinachotazama kusini hakipati jua kabisa, kwa sababu huku jua la kipupwe linapita upande wa kaskazini. Ukuta unapoa kama jiwe la mtoni, na watu wanawasha majiko ya mafuta ya taa ndani, na majiko hayo ndiyo yanayochoma majengo. Mdogo wangu alitaka kutengeneza paneli ya bei nafuu ya kubandikwa kwenye ukuta huo ili uzuie baridi. Aliitengeneza kwa mabaki ya vitambaa vya mafundi cherehani, akayasaga, akayachanganya na gundi, akayagandamiza.

Mabaki hayo yalitoka Jeppestown, kwa fundi mmoja kutoka Lubumbashi, jirani yangu. Nilipomweleza kwamba dada yangu anataka vipande vyake vya kutupa ili apate udaktari, alinitazama kwa huruma. "Patron," akasema, "huko kwenu banapata udaktari mu takataka?" Lakini tangu siku ile hakutupa hata uzi. Aliwapitia mafundi wenzake wote wa mtaa ule, Wakongo kwa Wazulu, akawaambia wamwekee mabaki yao, na kila Ijumaa tulikuta viroba mlangoni. Tulipokosa mahali pa kukaushia paneli, mfanyabiashara mmoja wa Kisomali wa mtaa wa Mayfair, ambaye nilikuwa nikimbebea mizigo, alitufungulia ghala lake la nyuma. Hakuuliza ni za nini. Alisema tu kwamba zisiwekwe karibu na mchele.

Baada ya hapo tulihitaji vyumba. Mdogo wangu alitaka jengo moja, vyumba vya upande wa kusini, nusu vibandikwe paneli na nusu visibandikwe, na kila chumba kitundikwe kisanduku kidogo cheupe ukutani, kinachopima joto na unyevu na kujiandikia chenyewe usiku na mchana, kipupwe kizima. Ukilinganisha vyumba vyenye paneli na visivyo nazo, utajua kama paneli inafanya kazi. Bila ulinganisho huo hakuna tasnifu.

Jengo nililijua. Liko Joubert Park, si mbali na stesheni kuu, na ngazi zake nilizipanda mara nyingi kupeleka mizigo. Wanaoishi humo ni Wakongo wa Bukavu na Uvira, Watanzania, Warundi, na kila mmoja ana Kiswahili chake. Mdogo wangu alikuwa ameshajaribu kwenda peke yake na karatasi za chuo. Milango haikufunguka. Mtu mwenye karatasi, katika jengo lile, ni mtu wa serikali au mtu wa mwenye nyumba, na wote wawili hawaji kwa heri.

Basi nikaenda naye, bila karatasi mkononi. Mlango wa kwanza tuliobisha ulikuwa wa mama mmoja wa Bukavu, msusi, mwanamke mpana mwenye sauti inayosikika ghorofa mbili. Alikigeuzageuza kile kisanduku.

"Iko na macho?" akaniuliza.

"Haina macho, mama."

"Iko na masikio?"

"Haina."

"Sasa itajua baridi namna gani?"

Mdogo wangu akajibu kabla sijafikiri. "Ina ngozi, mama."

Yule mama akamtazama kwa mara ya kwanza. "Kama iko na ngozi, basi ni mutu. Aingie."

Mama huyo ndiye aliyetufungulia jengo. Alikwenda mlango kwa mlango, akasema huyu ni mtoto wetu, anasoma, na kisanduku chake hakina macho wala masikio. Tukapiga kura kuchagua vyumba vya paneli na visivyo vya paneli. Yeye mwenyewe kura ilimwangukia upande wa wasio nazo. Chumba chake kilikuwa cha pembeni, kuta mbili nje, pengine chumba baridi kuliko vyote. Akasema, "Mungu amechagua," akaenda kumalizia kichwa cha mteja.

Kipupwe kikaanza. Mara kwa mara tulikwenda kusoma visanduku, na kwa adabu tuliwapa watu taarifa mapema, maana hutapita kwa watu ghafla wakiwa hawajafagia. Tulipokelewa kama wakwe. Chai, maandazi, viti vya kukalia vilivyoazimwa kwa jirani. Kisanduku kilikuwa kwenye msumari wake, kimefutwa vumbi, kinang'aa.

Kadiri wiki zilivyokwenda, mdogo wangu alizidi kuwa kimya mbele ya kompyuta. Mistari ya joto iliyochorwa kutoka kwenye visanduku ilikuwa imetulia mno. Johannesburg mchana wa kipupwe una jua kali, na alfajiri maji yanaganda kwenye ndoo ukiyaacha nje, lakini mistari yake ilikuwa inatembea tambarare kama watu waliolala. "Hata vyumba visivyo na paneli, kaka," aliniambia. "Sielewi. Ama vifaa ni vibovu, ama mimi ndiye mbovu."

Jibu nililipata bila kulitafuta. Nilikuwa nimempelekea yule mama wa Bukavu mzigo wa rasta kutoka Mayfair, na sikumpa taarifa kwa sababu haikuwa siku ya kusoma visanduku. Nilimkuta anasuka. Nikakaa kusubiri, macho yangu yakaenda ukutani. Msumari ulikuwa peke yake.

"Mama, kisanduku kiko wapi?"

Akaelekeza kwa kitana, bila kugeuka. "Mu kabati."

Nilikitazama kupitia kioo cha kabati la vyombo. Kilikuwa katikati ya vikombe vyenye ukingo wa dhahabu, mbele ya picha yake ya harusi, kimefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma chenye waridi pembeni.

"Nilikifumia miye mwenyewe," akasema, na safari hii aligeuka, ili aone uso wangu ukifurahi.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu siku ya kwanza, papa. Kitu ya mugeni itabaki ku musumari kama koti?"

"Mbona tukija huwa kiko ukutani?"

"Mukikuja tunakirudisha. Si munapenda kukiona pale?"

Mteja wake akatikisa kichwa kukubali, akavutwa nywele.

Nilipanda na kushuka jengo zima mchana ule. Kwa dada mmoja wa Dar es Salaam kisanduku kilikuwa kimeviringwa kwenye kanga mpya ndani ya sanduku la nguo, kinanukia udi. Kwa Mrundi mmoja kilikuwa kwenye begi pamoja na pasipoti. Kwa familia nyingine kilikuwa juu ya televisheni, kimefunikwa kitambaa kimoja na rimoti. Visanduku vilivyokuwa bado kwenye misumari vilikuwa vya walinzi wa ghorofa ya pili, vijana wasio na wake, wasio na kabati wala kitambaa cha kufuma. Vyumba vyao mdogo wangu alikuwa ameviwekea alama nyekundu, akidhani vifaa vyake vimeharibika, kwa sababu mistari yake ilikuwa inapanda na kushuka.

Nilipomweleza alicheka kwanza, akacheka mpaka akashika meza. Kisha kicheko kikaisha, akaweka mikono usoni.

"Kipupwe kimekwisha, kaka."

Kilikuwa kimekwisha kweli. Miti ya bustani ilikuwa imeanza kuchipua. Na ruhusa aliyopewa na chuo chake cha nyumbani ilikuwa inaisha mwisho wa mwaka. Bila kipupwe kingine hakuna ulinganisho, na bila ulinganisho angerudi Tanzania na paneli nzuri asizoweza kuthibitisha uzuri wake.

Hapa nimshukuru msimamizi wake, mama wa Kizulu, profesa asiyependa maneno mengi. Mdogo wangu alikwenda kwake, akamweleza yote. Profesa aliposikia habari za vitambaa aliondoa miwani, akacheka huku akifuta machozi, akasema bibi yake mzaa mama alifunika hata simu. Kisha akavaa miwani yake, akasema takwimu zile haziingii katika kazi yoyote itakayobeba jina lake. Vilevile siku hiyohiyo alianza kupiga simu, akabishana na watu wa chuo chake na wa chuo cha nyumbani, na hakuacha hadi alipompatia kipupwe kimoja zaidi. Kimoja tu. Cha tatu kisingekuwepo.

Lakini simu za profesa hazikuweza kuingia katika vyumba vya Joubert Park. "Nitawaambia nini?" mdogo wangu aliniuliza. "Kwamba heshima yao imeniharibia kazi?"

Swali hilo lilikuwa zito kuliko hesabu zake zote. Mwenyeji aliyekukirimu humwambii kwamba amekosea. Nikampa ushauri wa mtu aliyevuka mipaka mingi: tuseme vifaa viliharibika, kiwandani huko, tuanze upya. Akakataa. Akasema hawezi kuwaficha watu waliomwita mtoto.

Kikao kiliitishwa Jumapili mchana, baada ya watu wa kanisani kurudi na watu wa msikitini kuswali adhuhuri, katika ukumbi wa ghorofa ya nne, pale kwenye lifti iliyokufa zamani. Mwenyekiti alikuwa mzee mmoja wa Unguja anayeuza makava ya simu karibu na stesheni. Hakuchaguliwa. Hakuna arusi wala msiba wa Watanzania uliofanyika mitaa ile bila yeye kukikalia kiti, na akisikia neno kikao kwenye simu husikii tena jingine kutoka kwake isipokuwa "saa ngapi?"

Mdogo wangu alisimama, akasema ukweli wote kwa maneno mepesi. Kisanduku kikiwa kabatini kinapima joto la kabati. Kikiwa ndani ya kanga kinapima joto la kanga. Aliwashukuru, akasema kosa ni lake, hakueleza vizuri.

Mama wa Bukavu akasema polepole, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Kwa hiyo ni miye nilimufelisha mutoto."

"Si wewe peke yako," akasema dada wa Dar es Salaam. "Mie nilikitia na udi."

Wanawake wakaanza kusema wote kwa pamoja, na hawakuwa wakigombana na mtu, walikuwa wakijigombeza wenyewe, jambo baya zaidi. Mmoja alikuwa ameshainuka kwenda kukitoa chake akirudishe, asije akaharibu tena. Niliona jengo zima likiondoka mikononi mwetu kwa aibu tu.

Mzee wa Unguja akagonga sakafu kwa kandambili. "Hebu kaeni! Kikao hakijafungwa. Nauliza suala. Mgeni siku mbili..."

Hata Wakongo waliijua methali hiyo. "Siku ya tatu mpe jembe!" ukumbi ukajibu.

"Ehe! Sasa nyie, huyu mgeni mmemkalisha kabatini kipupwe kizima. Mmemfunika shuka. Mmemfukiza udi kama bwana harusi. Jembe lake liko wapi? Mtoeni huko! Yule si mgeni tena, yule kibarua. Kibarua anafunikwa?"

"Hafunikwi!"

"Anawekwa na vikombe?"

"Hawekwi!"

"Basi akalime baridi hiyo, tumeshamlisha vya kutosha."

Kicheko kikavunja ukumbi. Mlinzi mmoja wa ghorofa ya pili alisimama akasema kwamba wao cha kwao kinalima tangu mwanzo, wanaomba makofi. Wakapigiwa. Mtu akamwambia asione fahari, watafute wake.

Kicheko kilipotulia, yule mama wa Bukavu akauliza swali ambalo mimi nilikuwa nikiliogopa. "Na siye tusiokuwa na ile ukuta ya vitambaa? Mwaka ingine tena, tubaki vile?"

Mdogo wangu akamjibu kwamba ndiyo, wangebaki vile. Akiwabandikia wote hatakuwa na cha kulinganisha. Akawaambia kazi ikiisha kila chumba kitapata paneli, awe amefaulu au amefeli. "Lakini kipupwe kinachokuja ni baridi ileile," akasema. "Mkikataa nitaelewa, na heshima yangu kwenu haitapungua."

Mama akawatazama wenzake wa upande wa kura ile. Halafu akasema neno ambalo tangu siku hiyo nimelisimulia kila mahali nilipokaa na watu. "Miye nitabaki. Baridi ya mwaka huu nilisikia bure, haikuandikwa. Ya mwaka inakuja iandikwe."

Hakuna hata mmoja aliyejitoa.

Mwaka ulipogeuka, kabla baridi haijashika, rafiki yangu dereva alipita Jeppestown na lori, kiti cha pembeni kiko wazi, Walvis Bay. Akapiga honi. Nilitoka, nikaegemea mlango wa lori, tukazungumza habari za njia, nikamuuliza rangi ya mchanga wa huko na kama ni kweli jangwa linafika hadi baharini. Kisha nikamwambia aende. Alinitazama kana kwamba nimeugua. Mimi mwenyewe nilishangaa, lakini nilikuwa nataka kujua vile vyumba vitasema nini, na kwa mara ya kwanza jibu la kitu nilichotaka kujua lilikuwa mahali nilipokuwa tayari.

Kipupwe cha pili kilikuwa kikali. Umeme ulikatika mara nyingi, na jengo likanuka mafuta ya taa. Safari hii tulikubaliana kwamba tutapita bila taarifa, na naomba msomaji asilione hilo kuwa dogo. Wenyeji wale walikubali kufunguliwa milango wakiwa na taulo kichwani, vyombo havijaoshwa, kitanda hakijatandikwa, na wasione haya. Wa kwanza tuliomkuta hivyo alitaka kufunga mlango ajitengeneze, jirani akapaza sauti kutoka ng'ambo, "Acha, wamekuja kumwona kibarua, hawakuja kukuona wewe!"

Jina lile likashika. Watu walikutana kwenye ngazi wakiulizana, "Kibarua wenu yuko kazini?" Watoto waliozaliwa hapa, ambao Kiswahili wanakisikia tu na kujibu kwa Kizulu, hilo neno walilisema bila kukosea. Kisanduku kimoja kilipoanguka, mwenye chumba alinipigia simu asubuhi nikiwa Mayfair na gunia begani. "Eish, kaka, kibarua ameanguka kazini! Tumfanyeje?" Nikaweka gunia chini, nikaenda.

Na siku moja, katikati ya kipupwe, mdogo wangu akaniita kwenye kompyuta. Mistari ilikuwa hai. Akanifundisha kuisoma. Huu ni usiku, unaona unavyoporomoka. Hapa ni alfajiri, pabaya kuliko pote. Halafu ghafla kilima kidogo. "Hiki ni nini?" nikamuuliza. Akaniambia nifikiri. Nikaangalia saa, nikaangalia ni chumba cha nani. Alikuwa mama wa Bukavu anapika uji. Nilimwona kabisa, ndani ya mstari, anawasha jiko. Kilima kingine jioni, ugali. Siku ya Jumapili hakuna kilima cha mchana, wamekwenda kanisani. Nimesoma maandishi mengi maishani mwangu, mengine ya lugha nisizozijua, lakini sijapata kusoma ukurasa ulionipendeza kama ule.

Kisha akaweka juu yake mstari wa chumba chenye paneli, ghorofa ileile, upande uleule. Wenyewe ulishuka taratibu, kama mtu mzima anayeteremka ngazi, haukuporomoka. Nikaufuata kwa kidole hadi alfajiri. Ilikuwa kweli. Takataka za mafundi wa Jeppestown zilikuwa zimekamata joto la uji na kulishikilia.

Kuandika kulichukua muda, na watahini walichukua muda zaidi. Siku majibu yalipotoka, mdogo wangu hakunipigia simu. Alikwenda moja kwa moja Joubert Park, na mimi nikaitwa na kelele zao kwenye simu. Nilipofika alikuwa amesimama pale kwenye lifti mbovu, amezungukwa, anasoma kutoka kwenye simu yake na kuyaweka kwa Kiswahili maneno ya watahini, mazuri na magumu. Waliposikia magumu waliguna kwa hasira, kama wametukanwa wao.

"Fupisha," mzee wa Unguja akasema. "Tumefaulu au hatukufaulu?"

"Tumefaulu, mzee."

Sauti iliyotoka pale ilifika mtaani. Magari yaliyokuwa yamesimama kwenye robot, taa za barabarani, yalipiga honi kujibu, ingawa madereva hawakujua wanajibu nini.

Wiki iliyofuata tulibandika paneli katika vyumba vyote vilivyobaki. Daktari mwenyewe alishika msumari na nyundo, na fundi wa Lubumbashi alikuja kukagua, akatambua nyuzi za suti aliyomshonea mchungaji fulani, akaziwekea kidole mbele ya watu wote. "Huyu hajanilipa mpaka leo," akasema, "lakini anatia joto." Chumba cha kwanza kilikuwa cha pembeni, cha mama wa Bukavu. Alipinga, akataka wenye watoto wachanga watangulie. Kwa mara ya kwanza jengo zima lilimkatalia jambo.

Siku ya mahafali tulipewa nafasi mbili za wageni, nikaenda mimi na mama huyo. Alipoitwa mdogo wangu, na wale wazee wenye majoho wakasimama kwa ajili yake, mama alipiga vigelegele ambavyo naamini vilibakia kwenye dari la ukumbi ule. Mwanamke wa Kizulu aliyekaa mbele yetu akageuka, akamwitikia kwa vya kwao, akaniuliza yule ni nani wetu. Nilitaka kumweleza vizuri, habari yote, tangu kwenye viroba vya Ijumaa, lakini vigelegele vya mama vilizima sauti yangu, nikaweza kuonyesha jukwaani kwa kidole tu.

Tulirudi Joubert Park na joho jekundu, la kukodi, lililotakiwa lirudishwe kabla ya duka kufungwa. Kila mtu alitaka kupiga picha nalo. Mzee wa Unguja alilivaa juu ya kanzu, akakataa kulivua hadi alipomaliza hotuba. Fundi wa Lubumbashi alikunjua pindo lake akakagua mshono. "Ah non," akasema, "daktari mukubwa hivi, banamuvalisha kazi ya haraka namna hii?" Walinzi wa ghorofa ya pili walilichukua kwa zamu. Likapanda ghorofa ya tatu kwa dada wa Dar es Salaam, na kutoka hapo hatukuliona tena.

Saa ya duka ilipokaribia, mdogo wangu alianza kupanda ngazi kulitafuta, viatu vya kisigino mkononi. Mimi nilibaki chini, kwenye ukumbi wa kuingilia, nikamsikia anabisha hodi mlango mmoja baada ya mwingine, na kila mlango ukifunguka sauti za vicheko zinamwagika, na mtu anamwambia, "Limepita hapa, daktari, limekwenda juu. Lakini karibu kwanza, kaa."